Kununua Nyumba ya Kupangisha Mahali pa Mbali Tunapopapenda

Hapana familia ya askari isiyojua maana ya kuhama. Leo mko Tororo, kesho barua imefika, na keshokutwa vyombo vimepakiwa juu ya lori kuelekea Moroto au Kasese. Katika kuhama huko tunapata taabu nyingi, lakini pia tunapata jambo moja ambalo raia wengi hawalipati, nalo ni kuiona nchi yetu. Mara nyingine, katika kuiona huko, moyo wa mtu hunaswa na mahali fulani. Mwili ukahamishwa kwa amri, moyo ukabaki kule kule.

Sisi tulinaswa na Fort Portal. Mume wangu, ambaye hapa kambini huitwa Baba Apio, ni sajini wa polisi, nami nilisomea ualimu na sasa ni karani katika ofisi ya elimu ya wilaya. Tulikaa Fort Portal miaka minne. Mji ule uko kilomita zipatazo 300 magharibi ya Kampala, juu penye hewa baridi, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Asubuhi ukungu huinuka polepole kutoka katika mashamba ya chai, na siku zilizo safi mtu huiona milima ya Rwenzori imesimama nyuma ya mji, mirefu na ya rangi ya samawati. Siku za mapumziko tuliwachukua watoto kwenda kuyatazama maziwa madogo yaliyojaa katika vinywa vya volkano za kale, au kupita kando ya msitu wa Kibale, makao ya sokwe. Majirani Watooro walitupa empaako, yale majina yao ya upendo na heshima. Mume wangu akawa Araali, nami nikawa Akiiki. Mtu akikuita kwa empaako huhisi kwamba umekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Kisha barua ikafika, tukahamishiwa mashariki. Kutoka Tororo hadi Fort Portal ni safari ya kilomita zipatazo 500, yaani siku nzima ndani ya basi na wakati mwingine sehemu ya usiku. Hata hivyo kila tulipopata likizo ndefu tulirudi kule. Tulilala katika nyumba ya wageni, tukala ndizi na maharagwe ya kule, tukatembea, tukarudi kazini na nguvu mpya. Ndipo siku moja Baba Apio aliposema maneno ambayo nadhani wengi wenu mmekwisha kuyasema au kuyasikia: "Mama Apio, kwa nini tulipe nyumba ya wageni kila mwaka? Tununue nyumba yetu pale pale. Wapangaji watatulipa, na siku ya kustaafu tutakuwa na mahali."

Maneno hayo hayakuwa ya mchezo. Nyumba ya kambi ni ya kazi, si ya mtu. Siku ambayo askari anastaafu, au Mungu anamchukua, mke na watoto hupaswa kufunga vyombo vyao na kumwachia mwingine. Kila mama wa kambi amewahi kumsindikiza jirani wa namna hiyo hadi penye lori, akarudi nyumbani kwake na kuyatazama mabati ya serikali yaliyo juu ya kichwa chake. Kwa hiyo mtu akitaja nyumba ya kununua, sisi husikiliza kwa masikio mawili.

Mwezi wa kwanza, watoto wakiwa bado katika likizo yao ndefu, tulikwenda Fort Portal, na dalali mmoja alitupeleka kuona nyumba karibu na mto Mpanga. Palikuwa na nyumba ya mbele yenye vyumba viwili, alimokaa mwenye mali mwenyewe, na nyuma yake mstari wa vyumba vinne vya kupangisha. Vyumba vya namna hiyo Kampala huitwa mizigo, na sijui kama aliyeanza kuviita hivyo alijua Kiswahili, kwa maana mara nyingi jina hilo humwelemea mwenye navyo. Jua liliwaka, majani yalikuwa mafupi, mto ulisikika kwa mbali ukiimba juu ya mawe. Tuliambiwa kwamba kila chumba hutoa shilingi 120,000 kwa mwezi, na bei ya vyote ni shilingi milioni 45. Sisi tutakuwa na nyumba ya mbele kwa likizo zetu, na ile ya nyuma itatulipa. Hatimiliki ilikuwapo, tukaonyeshwa nakala yake.

Siku ya tatu tulitoa arubuni ya shilingi milioni 3, zikaandikwa katika karatasi iliyochanwa kutoka daftari la shule, pakapigwa mhuri wa mwenyekiti wa LC1. Zilizobaki zingelipwa kabla ya mwisho wa mwezi wa nne, sehemu kutoka katika akiba yetu, na shilingi milioni 20 kutoka katika chama cha akiba na mikopo.

Tulipokuwa tukiondoka, mama mmoja mzee wa nyumba ya juu kidogo, ambaye tulijuana naye tangu zamani, aliniita kando.

"Akiiki," aliniuliza, "ninyi huja huku miezi gani?"

"Mwezi wa kwanza, Mama," nikamjibu, "na mara nyingine mwezi wa saba."

"Haya. Uje mwezi wa nne."

Hakusema zaidi, nami kwa haya sikumwuliza zaidi. Lakini njia nzima hadi Tororo neno lile lilikuwa likinirudia. Nilihesabu safari zetu zote tangu tulipohama, nikaona kwamba hatukuwahi kufika kule wakati wa mvua. Likizo zetu zilikuwa za kiangazi, na mtu anayetembea kwa furaha huchagua kiangazi. Mvua za Tooro huwa na misimu miwili, ile inayoanza mwezi wa tatu hadi wa tano, na ile ya kuanzia mwezi wa nane hivi hadi wa kumi na moja. Zile nyakati tulizokuwa tukikaa kule kikazi tulikuwa katika nyumba ya serikali juu ya kilima, na mto haukutuhusu.

Mwezi wa nne niliomba ruhusa ya siku chache nikaenda peke yangu, kwa kuwa Baba Apio alikuwa zamu. Nilifika usiku katika mvua. Asubuhi nilivua viatu ili nishuke ile njia ya nyumba yetu tuliyoitazamia, kwa maana ilikuwa tope hadi kwenye vifundo. Mto ulikuwa haumithiliki na ule wa mwezi wa kwanza. Ulikuwa wa rangi ya udongo na ulikuwa umepanda hadi katika migomba. Vyumba viwili vya mwisho vilikuwa wazi, milango imefunguliwa ili vikauke. Ndani, kiasi cha goti kutoka chini, palikuwa na mstari wa kahawia ukizunguka kuta zote, na juu ya mstari wa sasa palionekana mwingine wa zamani uliopakwa rangi.

Mpangaji wa chumba cha kwanza, msichana muuguzi, alinikaribisha na kunieleza yote bila kuficha. Vyumba viwili vya chini huingia maji karibu kila msimu wa mvua, na wapangaji huhama. Choo hujaa. Vyumba vyote vinne hutumia mita moja ya umeme ya yaka, na kila mwisho wa mwezi pana ugomvi juu ya nani alipika kwa jiko la umeme na nani hakupika. Nilipomwuliza juu ya pango la shilingi 120,000 alicheka. Yeye alilipa 100,000, na chumba chake ndicho kilichokuwa bora.

Kisha nikaenda kumwamkia mke wa mwenye nyumba, aliyekuwa barazani akichambua mboga. Baada ya salamu nilimwambia kwamba mimi ndiye mke wa yule sajini tunayenunua nyumba yao. Yule mama akaacha kuchambua.

"Nyumba ipi?" akaniuliza.

Ndugu wasomaji, kati ya yote niliyoyaona safari ile, sijasahau uso wa yule mama. Alikuwa na watoto watano ndani ya nyumba ile. Hakujua kwamba imeuzwa, hakujua kwamba arubuni imekwisha kuliwa, na mimi niliyekuwa nikiogopa kufukuzwa kambini nilikuwa nimesimama mbele yake kama mtu aliyekuja kumfukuza.

Jambo la ajabu ni kwamba siku iliyofuata nilipokwenda katika ofisi ya ardhi ya kanda pale Fort Portal na kuomba uchunguzi wa ile hatimiliki, majibu yalikuwa mazuri. Jina lilikuwa la yule bwana, hapakuwa na rehani, hapakuwa na zuio lililowekwa na mtu yeyote. Hati ilikuwa safi kabisa. Tangu siku ile sina budi kuwaambia watu kwamba uchunguzi wa hati ni wa lazima, na asiyeufanya anatupa fedha zake, lakini karatasi ile haimwambii mnunuzi habari za maji wala za mke.

Habari za mke hutoka katika sheria nyingine. Sheria ya Ardhi ya Uganda ya mwaka 1998, pamoja na marekebisho yake ya mwaka 2004, inakataza kuuza, kuweka rehani au kutoa ardhi ya familia bila idhini ya mume au mke iliyotangulia kutolewa. Ardhi ya familia ni ile ambayo familia huishi juu yake kwa kawaida, au ambayo hupata riziki yake kutoka kwayo. Biashara iliyofanywa bila idhini hiyo ni batili. Hata mnunuzi aliyenunua kwa nia njema, bila kujua, hapati nyumba. Anachobaki nacho ni haki ya kumdai aliyemuuzia. Nanyi mnajua kumdai mtu aliye umbali wa kilomita 500 ni kazi ya namna gani. Yafaa kila mnunuzi, kabla hajatoa hata shilingi moja, aombe kukaa na mwenye mali pamoja na mkewe na watoto wakubwa, aone kwa macho yake wanavyotazamana jambo hilo linapotajwa. Kwa upande wa mhuri wa LC1, mwenyekiti ni shahidi mzuri, anawajua watu wake na mipaka yao, lakini mhuri wake haugeuzi karatasi ya daftari kuwa hatimiliki.

Nimesikia wengine kambini wakisema kwamba kosa letu lilikuwa kutoka kwetu. Husema kwamba mtu wa mashariki anunue mashariki, na mtu wa Tooro ajenge Tooro. Maneno hayo siyakubali. Katiba yetu ya mwaka 1995 inampa kila raia haki ya kuishi mahali popote katika Uganda, na askari aliyelinda pande zote za nchi hawezi kuambiwa kwamba upande wake ni mmoja. Hata hivyo, kuitwa Akiiki hakukunifanya nijue mambo ambayo kila Mtooro wa mtaa ule aliyajua. Katiba hiyo inataja njia nne za kumiliki ardhi, nazo ni umiliki wa kimila, umiliki huru, mailo, na ukodishaji wa muda maalumu. Njia hizo hazienei kwa namna moja pande zote. Aliyezoea mambo ya mailo na vibanja huko Buganda anaweza kufika Tooro akakuta ardhi ya kimila isiyo na hati yoyote, ambayo ukoo mzima una neno juu yake. Pale panahitajika wazee, majirani wa mipaka yote minne na mpima ardhi, wakitembea pamoja mchana, mguu kwa mguu, hadi kila jiwe la mpaka limeonekana.

Kwa habari ya mto, kanuni za mwaka 2000 za kutunza ardhi oevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinaweka eneo la hifadhi. Kwa mito mingi ni mita 30 kutoka ukingoni, na kwa mito mikubwa iliyotajwa katika kanuni hizo ni mita 100. Mwenye kununua nyumba iliyo ndani ya eneo hilo ananunua maji, na pia ananunua siku ambayo wakubwa wa mazingira watakuja na amri. Tena, Tooro ni nchi ya matetemeko. Lile la mwezi wa tatu mwaka 1966 liliua watu, na lile la tarehe 5 Februari 1994 lilipasua na kubomoa majumba mengi katika Fort Portal na vijiji vyake. Fundi mzuri wa kule hujenga mkanda wa zege wenye nondo kuzunguka kuta zote juu ya madirisha. Katika nyumba yetu ile sikuuona, na mwezi wa kwanza sikuwa hata na akili ya kuutafuta, kwa kuwa nilikuwa nikitazama maua.

Usiku ule, katika nyumba ya yule mama mzee, nilichukua kalamu nikafanya hesabu ambayo ilinipasa kuifanya miezi mitatu kabla. Naiandika hapa kama ilivyokuwa, huenda ikamfaa mtu. Dalali alitupa hesabu ya vyumba vinne kwa shilingi 120,000 kwa miezi 12, yaani shilingi 5,760,000 kwa mwaka. Ni kama asilimia 13 ya bei, na mtu yeyote angefurahi. Lakini kwa pango la kweli la shilingi 100,000 tunapata 4,800,000. Vyumba viwili vikikaa bila mtu miezi mitatu kwa sababu ya maji, hubaki 4,200,000. Serikali humtoza mwenye nyumba aliye mtu binafsi asilimia 12 ya pango linalozidi shilingi 2,820,000 kwa mwaka, na matengenezo hayapunguzwi kwanza. Hiyo ni shilingi 165,600. Msimamizi wa kukaa karibu na kuangalia mambo, tukimpa 50,000 kwa mwezi, ni 600,000. Mabati, choo, lipu na rangi tuliweka 500,000. Safari zetu mbili za kukagua, nauli na chakula, 500,000 nyingine. Mkononi hubaki shilingi 2,434,400 kwa mwaka, karibu 203,000 kwa mwezi. Tena sijaingiza kodi ya majengo ya jiji, ambayo nyumba anayokaa mwenyewe husamehewa lakini ya kupangisha haisamehewi.

Kwa upande mwingine wa daftari palikuwa na mkopo. Shilingi milioni 20 kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka juu ya deni linalobaki, zikilipwa kwa miaka minne, ni kiasi cha shilingi 587,500 kila mwezi. Pango linalobaki mkononi lisingefika nusu ya hizo. Kila mwezi zaidi ya shilingi 380,000 zingetoka katika mshahara, yaani katika unga, sabuni na karo ya Apio na wadogo zake. Na kabla ya yote hayo tungelipa ushuru wa stempu wa asilimia 1.5 ya thamani ya mali, ambao kwa milioni 45 ni shilingi 675,000, na ada ya wakili. Nilimpigia simu Baba Apio nikamsomea hesabu hiyo. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Rudi nyumbani."

Kazi ya kuipata arubuni ilichukua miezi mitano. Yule bwana alikuwa amekwisha kuitumia. Kilichotusaidia ni mkewe, ambaye alisimama mbele ya mwenyekiti na wazee na kusema wazi kwamba nyumba haiuzwi na fedha za watu zirudishwe. Tulirudishiwa milioni 2 kwa mafungu mawili. Milioni moja haijarudi hadi leo, na nauli za kuifuata zingeila.

Sisemi kwamba hapana askari aliyefaulu. Namjua koplo mmoja aliye na vyumba sita Fort Portal, upande wa juu wa mji, na wapangaji wake ni wauguzi, wanafunzi wa chuo kikuu na wafanyakazi wa maduka. Kabla ya kununua alipanga chumba kimoja kati ya hivyo hivyo, mke wake akakaa humo mwaka mmoja akiuza nguo sokoni. Alijua maji hutoka siku zipi, nani hulipa na nani hukimbia, na kwamba wanafunzi hufunga vyumba wakati wa likizo bila kulipa. Alijua pia kwamba tangu Fort Portal lilipofanywa jiji tarehe 1 Julai 2020 watu wengi waliongeza bei ya ardhi kuliko walivyoweza kuongeza pango, jambo ambalo sisi wageni hatukulijua. Wapangaji wake humtumia pango kwa simu, moja kwa moja kwake, na msimamizi hashiki fedha. Kazi yake ni kuangalia mabomba, kuonyesha vyumba na kutoa habari. Anampa mshahara mdogo lakini hamkopi hata mwezi mmoja.

Kila mpangaji wake ana mkataba wa maandishi. Kwa mujibu wa Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, maandishi ni ya lazima pango linapofika shilingi 500,000, lakini kwa mtu aliye mbali ningesema yawe ya lazima hata kwa chumba cha shilingi 50,000. Sheria hiyo hiyo inakataza kumtoa mpangaji kwa nguvu bila amri ya mahakama. Nalisema hili hasa kwa waume zetu, kwa maana nimesikia wengine wakidhani kwamba kuvaa sare kunatosha kumwondoa mtu asiyelipa. Hakutoshi, na anayejaribu huweza kupoteza nyumba na kazi pamoja.

Walioumia zaidi yetu pia wapo. Tangu mwaka 2007 askari wetu wamekuwa wakitumika Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na wengi walirudi na akiba ya kununua kitu. Sajini mmoja wa jeshi, jirani wa dada yangu, alikuwa akituma fedha kwa ndugu yake wa kuzaliwa ili amjengee vyumba vya kupangisha huko magharibi. Kila mwezi alipokea picha katika simu, leo msingi, kesho kuta, kisha mabati. Aliporudi alipelekwa akaonyeshwa nyumba ile ya katika picha, na mwenyewe akatoka ndani kuwauliza wanamtafuta nani. Tangu hapo sajini yule hasemi na nduguye, na mama yao ndiye anayekonda. Kama amemlipa mgeni angalau angeweza kumshitaki. Ndugu ni vigumu. Mtu aliye mbali na apeleke macho yake mwenyewe, au ya mkewe, au amlipe mtu ambaye anaweza kumfukuza kazi.

Katika fedha tulizobakiwa nazo tulinunua kiwanja kidogo pembeni mwa Tororo, mahali pakavu, ambapo naweza kufika kwa baiskeli jioni baada ya kazi. Hapana mlima wala ziwa la kutazama, isipokuwa jabali la Tororo lenyewe, ambalo watoto wanalipenda kuliko mimi. Tumekwisha kusimamisha vyumba viwili na kimoja kina mpangaji, mwalimu wa shule ya msingi, anayelipa kwa wakati. Nilikwenda kukiangalia katika mvua kubwa ya kwanza, nimeshika mwavuli, Baba Apio akinicheka.

Fort Portal tunaendelea kwenda. Hatulali tena katika nyumba ya wageni. Yule mama mzee hutupa chumba, nasi humpelekea mtama na samaki wa kukauka wa huku kwetu, na kulipa kiasi kidogo ambacho kila mara hukikataa kwanza. Mwaka huu, mwezi wa nne, alinipigia simu asubuhi na mapema. Aliniambia kwamba mto umefika kwenye ngazi ya tatu ya ile nyumba, kwamba yule mama na watoto wake watano wamelala kwake usiku ule na wote ni wazima, na kwamba niwaletee watoto madaftari nitakapokuja, kwa kuwa ya kwao yameloa.